Naomba ushauri: nataka kujitolea likizo hii hapa Mombasa, nianzie wapi?

Binti_Tudor:
Assalaam aleykum ndugu zangu. Niko mwaka wa pili chuo kikuu, nakaa Tudor. Likizo ndefu imefika na atachi (mafunzo ya kazini) ni hadi mwakani, nami sitaki kukaa bure. Nataka kujitolea, ila mwaka jana niliumia. Nilijiunga na kikundi kimoja, tukatozwa shilingi 1,500 za usajili na fulana. Jumamosi moja tukapelekwa ufuoni, tukaokota chupa kama nusu saa, tukapangwa mstari magunia mbele, tukapigwa picha, basi. Magunia yakaachwa palepale mchangani na maji yalikuwa yanajaa. Nililia njiani. Nitakijuaje kikundi cha kweli? Na nauli yangu ni ya kuhesabu.

Mpanda_Mikoko:
Waaleykum salaam mdogo wangu, pole sana. Mimi napanda mikoko huku Mikindani, kwenye hori hiyohiyo ya Tudor. Waulize jambo moja: mlichopanda mwaka jana kiko wapi, na imebaki miche mingapi? Wanaofanya kazi watakupeleka ukaone kwa macho yako.

Nakwambia hivi kwa sababu mkoko ni rahisi kuupanda. Mche wake huota ungali unaning'inia mtini, mrefu kama kalamu au zaidi. Unauchomeka kwenye tope, ncha chini, umemaliza. (Mchu, aina nyingine ya mkoko, ndio unaotaka kitalu kwanza.) Shida ni mahali. Wengi hupanda nje kabisa, kwenye tope tupu lililo wazi, kwa kuwa ni peupe na watu wote wanaenea kwenye picha. Pale mikoko haikuwahi kuota. Mawimbi yanaing'oa, na ile inayosalia inagandwa na viumbe vidogo vya baharini vyenye magamba mpaka inakufa. Miezi sita baadaye huoni kitu. Ukipata nauli siku moja, nenda Gazi kule Kwale: wanakijiji wanalinda mikoko yao na tangu 2013 wanauza hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa hewa hiyo ambayo mikoko yao inaihifadhi, na pesa zinaingia kwenye maji na shule.

Kazi yetu inafuata maji, haifuati saa. Leo yakipwa saa mbili asubuhi, kesho yatachelewa kama dakika 50. Na uje na viatu vya kufunga kamba, ndara zitabaki topeni.

Huduma_Kwanza:
Msalaba Mwekundu wana tawi hapa Mombasa. Wapo nchini kwa sheria ya Bunge tangu 1965. Kuna ada ya uanachama, usiogope, dai risiti tu. Na kama umefika kilo 50 na una afya, katoe damu. Haikugharimu kitu.

Mwalimu_Likoni:
Mwanangu, mimi nafundisha shule ya msingi ng'ambo ya Likoni. Mwaka jana tulimpata kijana wa chuo, akawa anawasaidia watoto hesabu Jumanne na Alhamisi alasiri. Kulikuwa na mtoto wa gredi ya 4 aliyeshindwa kabisa kugawanya. Siku za kijana yule alimngojea langoni, daftari kalikumbatia kifuani. Juma la tatu kijana hakuja, wala hakupiga simu. Mtoto alisimama pale hadi nikafunga lango, na Alhamisi akasimama tena.

Kwa hiyo nakuomba, usiahidi siku tatu. Ahidi moja, uifike. Njoo na barua ya chuo umwone mwalimu mkuu, na uwe tayari kuombwa cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi, maana hawa ni watoto.

Kijana_Kisauni:
Nyongeza: saa zako ziandike daftarini, msimamizi atie sahihi kila juma. Barua ya kuthibitisha kazi yako iombe kwake kabla hujaondoka. Mimi niliiomba baada ya mwaka, nikakuta msimamizi amehama.

Binti_Tudor:
Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Mpanda Mikoko, nitakuja kuiona ile ya mwaka jana, niambie maji yanapwa lini. Mwalimu, nina Jumatano moja ya uhakika kila juma. Kutoka kivukoni ni mbali?

Mwalimu_Likoni:
Dakika kumi kwa miguu. Kivuko hakimlipishi mwenda kwa miguu, nauli yako ni ya matatu mpaka Ferry tu.

Binti_Tudor:
Na yule mtoto, alijua kugawanya?

Mwalimu_Likoni:
Bado, mwanangu. Sasa yuko gredi ya 5. Jumatano anatoka darasani saa tisa.