MREJESHO: Mama na dawa za kuamsha kinga

Wapendwa, niliuliza kama dawa za kuamsha kinga ya mwili zingemfaa mama, saratani ya ovari ikiwa imemrudia baada ya kemotherapia. Tumeonana na daktari. Alituchorea seli ya kinga yenye breki iitwayo PD-1: saratani huikanyaga, dawa ya pembrolizumab huiachia. Ila kwa ovari, ikitumika peke yake, utafiti wa KEYNOTE-100 ulionyesha uvimbe kupungua kwa wagonjwa kama 8 tu katika 100. Iliniuma kusikia hivyo. Kiwanja tulichofikiria kuuza ili kulipia dawa hatuuzi kwanza. Kipande cha uvimbe kimepelekwa kupimwa MSI, yaani dalili kwamba seli za uvimbe zina kasoro ya kurekebisha makosa ya DNA, maana wenye kasoro hiyo ndio hunufaika zaidi. Marekani iliwaidhinishia dawa hiyo tangu 2017. Mama ameanza paclitaxel, dawa ya kemotherapia, uji anakunywa. Majibu yakitoka nitawaambia. Asanteni sana.