Nipo Japani peke yangu, hivi hizi salamu za madukani mnaitikiaje? (na mambo mengine ya mtaani)

MguuNjiani

Wakuu habari za saa hizi. Nipo Japani natembea zangu tu, sina mwenyeji, sina kikundi, sina hata mtu wa kumpa simu anipige picha. Nilianzia Tokyo, nikaja Kyoto, sasa nimetua Osaka. Mahekalu na mlima Fuji sina haja ya kuwahadithia, picha zake kila mtu keshaziona. Mi nimekuja na vitu vidogo vidogo vya kila siku, halafu nina swali.

Tuanze na salamu. Huku ukiingia dukani au mgahawani wanakupokea kwa sauti, "irasshaimaseee", mmoja akianza wa jikoni naye anadakia wakati hata hajakuona, na wateja wanapita kimyaaa, hakuna anayeitika, hakuna hata anayegeuza shingo. Sasa mi mtu wa Tanga jamani, nimelelewa kwamba salamu ni deni, ukimwamkia mtu asipoitika ujue kuna ugomvi. Kupita kimya siwezi, roho inanisuta. Kwa hiyo nainamisha kichwa, muuzaji naye anainama, nami nainama tena, basi pale mlangoni ni kuinamiana mpaka foleni inaanza kujipanga nyuma yangu.

Lingine ni kula peke yako. Kwetu mtu anayekula mwenyewe anatia watu wasiwasi, ama mchoyo ama kapatwa na jambo. Huku ndo utaratibu. Kaunta imejaa watu na hakuna wawili waliokuja pamoja. Kuna sehemu moja ya ramen niliingia, kila kiti kina ubao kushoto na ubao kulia, mbele kuna kipazia cha mianzi, mikono miwili inatokea na bakuli, sauti inasema maneno, kipazia kinashuka, umebaki we na tambi zako. Na kuzivuta tambi kwa kelele ruksa kabisa, mama yangu angezimia.

Na oda humpi mtu, unanunua tiketi kwenye mashine pale mlangoni. Noti zao zilibadilika Julai 2024, hii elfu moja ya sasa ina sura ya Kitasato, yule daktari wa mambo ya bakteria, na vimigahawa vingine vidogo mashine zao za zamani hazimtambui Kitasato kabisa. Naingiza noti inatemwa, nainyoosha kwenye paja naingiza tena inatemwa, mzee mmoja nyuma yangu akatoa noti ya zamani kwenye pochi, akaishika kwa mikono miwili akanipa, akachukua yangu, tukainamiana, kwisha. Hakuna aliyefungua mdomo.

Hela yenyewe hupeani mkononi, kuna kitrei pale kwa keshia unaweka hapo na chenji inarudi hapo. Bakshishi hakuna, ukiacha hela mezani wanakukimbiza nayo barabarani. Eskaleta Tokyo wanasimama kushoto, nimefika Osaka wamesimama kulia, nchi moja hiyo. Taa ya waenda kwa miguu ikiwa nyekundu watu wanasubiri saa tano usiku hakuna gari wala baiskeli. Na kwenye ukumbi wa vyakula mtu anaweka simu mezani kushikia nafasi halafu anaenda kupanga foleni ya chakula!! Kariakoo hiyo simu umeshaigawa.

Swali langu sasa. Mnaoishi huku au mliowahi kupita, ile salamu mnaitika au mnapita tu? Na mtu akiwa peke yake mnapata wapi watu wa kuongea nao? Maana hoteli naingia kwa mashine, treni kwa kadi, chakula kwa tiketi, siku nzima inaisha kila kitu kimeenda vizuri na sijatoa sauti. Kwenye treni ndo usiseme, watu wanalala wima na kila mmoja anaamka kituo chake.

---

KakaWaHakata

Mkuu karibu sana. Mi nilisoma Fukuoka kwa skolashipu ya serikali yao, kwa hiyo hiyo kesi ya salamu nilishaimaliza zamani. Ile salamu ya mlangoni haidai jibu, ni ya duka, wanakujulisha tu kwamba wamekuona. Kichwa kidogo inatosha, mara moja, usirudie, ukirudia na yeye inabidi arudie ndo maana hamuishi hapo mlangoni. Deni lako lilipe wakati wa kutoka. Ukishashiba sema "gochisosama deshita", yaani asante kwa chakula, kuelekea jikoni, utaona mpishi ambaye hajakutazama tangu uingie ananyanyua uso na kucheka. Mi hiyo ilinifungulia milango mingi kuliko darasa zima la lugha.

Halafu nenda milimani. Sio Fuji, hivi vilima vya karibu na mji ambavyo wazee wanapanda wikendi na fimbo zao. Kwenye njia ya mlimani kila mnayepishana naye anakusalimia "konnichiwa", mtoto, mzee, kijana mwenye spika za masikioni, wote. Ni haohao waliokaa kama sanamu kwenye treni asubuhi. Ukishuka mkifika stesheni kimya kinarudi. Sijawahi kupata maelezo ya kuniridhisha na nimeuliza sana.

Swali lako la watu wa kuongea nao, ukifika Fukuoka usiku tafuta yatai, vile vibanda vya chakula vya barabarani, viko Nakasu pembeni ya mto na vingine Tenjin. Jioni wanavisukuma wanavifungua, usiku wa manane wanavikunja wanaondoka navyo. Ndani mnakaa kama nane tisa hivi mmebanana bega kwa bega, huna pa kukimbilia, jirani lazima atakuuliza umetoka wapi. Sio lazima unywe pombe, agiza chai ya oolong hakuna atakayekushangaa. Ila ujue kwenye baa zao nyingi za chakula, izakaya, wanakuletea kisahani ambacho hujaagiza na kwenye bili kipo, ndo kama kiingilio. Usianze kugombana, wenyewe wanalipa bila kuuliza.

Dastibini bado hujalalamika, subiri. Utabeba ganda la ndizi mchana kutwa. Mapipa mengi yaliondolewa baada ya lile shambulio la gesi ya sarin kwenye treni za chini za Tokyo mwezi Machi 1995, na mengi hayakurudi. Yaliyobaki yako kwenye maduka ya saa 24 na pembeni ya mashine za vinywaji, na hayo ya mashine ni ya chupa na makopo tu. Wenyewe wanatembea na kifuko wanarudi na taka zao nyumbani.

---

BintiShangani

Assalaam alaykum. Yaani nyote mmeandika hapo juu na hakuna aliyetaja choo 😂

Mimi nilikaa Ulaya kabla ya kuja huku, kila nikitoka chupa ya maji iko mkobani, watu wa kwetu mnaelewa nasema nini. Nimefika Narita, nimeingia choo cha uwanja wa ndege, nikaona vitufe ukutani, nikabonyeza kimoja, maji hayo, tena ya uvuguvugu! Nilitaka kulia. Dunia nzima wanashangaa choo cha Kijapani, sie wa pwani tunasema hatimaye kuna watu wamestaarabika. Kampuni ya TOTO wameanza kuuza ile Washlet yao, kiti cha choo kinachorusha maji, 1980, sasa hivi majumbani mwingi ndo mtindo huo, hata stesheni unaikuta. Kuna na kitufe cha kupiga sauti ya maji ili jirani asisikie shughuli yako, hicho nacho nakiunga mkono.

Viatu pia hawatupi tabu, mlangoni unavua kama nyumbani. Tofauti ni ndara za chooni, hizo zinakaa chooni, ukitoka unaziacha hapo mlangoni zinatazama ndani, usije sebuleni nazo.

Ndugu MguuNjiani kama we ni Muislamu hizo ramen uwe unauliza. Supu nyingi ni mifupa ya nguruwe, hiyo tonkotsu ya Fukuoka ndo kabisaa, na hata pasipo nguruwe kuna mirin na sake, pombe za mchele, kwenye michuzi. Ila hapo Osaka kuna takoyaki, vidonge vya unga vya mviringo ndani kipande cha pweza, vinageuzwa kwa sindano mbili kwenye kikaango cha mashimo mashimo, anayegeuza ana mkono mwepesi kama mpishi wa vitumbua na tofauti yenyewe ni ndogo, kikaango ni kilekile karibu. Kwa mtu aliyezoea pweza wa Forodhani utaona wamemfanya ubahili, kipande kimoja kidogo, lakini kitamu. Usikitie mdomoni kizima, nje kimekauka ndani ni uji wa moto.

Na watu wa kuongea nao usihangaike, Ijumaa panda treni nenda Kobe, kutoka Osaka haifiki nusu saa unashuka Sannomiya unatembea kidogo. Pale kuna msikiti wa 1935, wa kwanza Japani nzima, umepita mabomu ya vita ya 1945 na tetemeko kubwa la 1995 na umesimama. Baada ya swala utakutana na Waindonesia, Wapakistani, Waafrika, na kwa kubahatisha hutokosa mtu anayejua Kiswahili. Mtaa wenyewe una maduka ya nyama ya halali. Tokyo kuna Camii ule wa Waturuki, Yoyogi-Uehara, mzuri sana, hata wasio Waislamu wanakaribishwa kuuangalia.

---

MzeeWaProbox

Mi naleta gari za mnada kutoka Yokohama mwaka wa ngapi huu, naomba niulize swali la maana: Toyota IST umeziona ngapi huko mtaani? Nilipokwenda mara ya kwanza nilijua nitazikuta kama Ubungo. Wapi! Toyota waliacha kuitengeneza 2016, na gari zao likizeeka wanaliuza maana ukaguzi unawaumiza, gari jipya linakaguliwa baada ya miaka 3 halafu kila miaka 2, na ni hela ndefu. Mjini tena mpaka uthibitishe una pa kulipaki ndo usajiliwe. Ndo maana linakuja kwetu bado lina nguvu, linaongea Kijapani kila ukiwasha kudai kadi ya barabara za kulipia, na redio ya FM inaishia 90, stesheni za juu ya hapo hamzipati 😂 mafundi wa Dar wanaishi kwa kufunga kile kibadilisha masafa.

Wanaendesha kushoto kama sisi kwa hiyo kuvuka barabara hutopata shida. Teksi mlango wa nyuma usiuguse, dereva anaufungua mwenyewe kwa kitu hapo kwake, na ukishuka anaufunga. Kuna madereva wanakasirika kweli ukiubamiza.

---

KichwaNgumu

Nyie mnasifia tu. Mi nimekaa Nagoya kikazi, mnaona kimya kizuri, mi nakiona kingine. Treni imejaa, watu wamesimama, kiti cha pembeni yangu kiko wazi. Sio mara moja. Unaanza kujinusa. Siku ya kwanza unafurahi una nafasi, ukizoea kinakuuma, maana hakuna aliyekutukana, hakuna wa kugombana naye, kiti tu kimekaa hapo kitupu mpaka kituo cha mwisho. Mtalii wa kupita hawezi kuliona kwa uzito huo.

Halafu hiyo eskaleta ya kulia na kushoto mwambieni ukweli, Nagoya tangu Oktoba 2023 jiji lina sheria kwamba kwenye eskaleta unasimama, pande zote mbili, hakuna kutembea. Faini hakuna lakini watu wameanza kufuata.

---

BintiShangani

@KichwaNgumu hilo la kiti silipingi, na mimi na hijabu yangu nimelipata sana, hasa Tokyo. Ila Osaka ni watu wengine. Wamama wa makamo wa Osaka wanatembea na peremende mkobani, anakaa pembeni yako anakupa moja, anaanza kukuuliza una watoto wangapi kwa Kijapani chake cha haraka, umeelewa hujaelewa anaendelea. Nenda soko la Tenjinbashi, ule mtaa mrefu uliofunikwa paa, nenda asubuhi wanapokwenda wenyewe sokoni, acha Dotonbori kule wamejaa watalii.

---

KakaWaHakata

@KichwaNgumu pole mkuu, na mimi Fukuoka nimekaa na hicho kiti. Nilichokuja kugundua wengine wanaogopa utawasemesha Kiingereza wakashindwa kujibu. Haifuti maumivu ila nilikuwa nafungua kitabu cha Kijapani makusudi, kikawa kinakaliwa haraka kidogo.

---

MguuNjiani

Dah asanteni sana, mmenipa kazi ya wiki nzima. Bi Shangani peremende nimeshapewa, jana kwenye treni ya Loop Line, sikujua kama ni desturi nilidhani kaniona nimekonda. Ijumaa naenda Kobe inshallah.

@KichwaNgumu kiti nimekiona, Tokyo. Nilijiambia ni bahati mbaya. Nimekusoma.

@MzeeWaProbox IST sijaiona hata moja, zimejaa zile gari fupi za mraba kama makasha zenye namba ya njano, hizo hatuletewi?

---

MzeeWaProbox

Hizo ni kei, injini yake sisiemu 660 mwisho, kwa hiyo kodi kwao ndogo. Zinakuja, hasa vile vi-Suzuki Carry vya mizigo, ila mlima wa Lushoto na abiria wanne sikushauri.