Tupeane uzoefu: waliochora Tingatinga tuliowafahamu, na yaliyowapata

Jirani wa Morogoro Stores
Wiki hii nimeona ukutani kwa rafiki yangu picha ya chui mwenye macho ya duara, nikakumbuka mara moja harufu ya rangi ya gloss, kwa kuwa nimekulia Oysterbay, Dar es Salaam, karibu na duka la Morogoro Stores, ambalo picha za Edward Saidi Tingatinga zilikuwa zikiuzwa nje yake. Kuhusu mtindo wa uchoraji unaoitwa kwa jina lake, Tingatinga, tumesomeshwa vya kutosha. Naomba tuzungumzie watu wenyewe: walivyolipwa, walivyougua, na nani alibaki na nini walipoondoka.

Mzaliwa wa Tunduru
Tuanze na mwenye jina. Alitoka kwetu Tunduru, akapita kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, akafika Dar es Salaam na kuwa mtumishi wa nyumbani kwa Mwingereza, na alipoanza kuchora mwaka 1968 hakuwa na turubai wala rangi za wasanii, ndiyo maana alishika hadibodi, ule ubao mwembamba wa kubanwa, na rangi ya baiskeli. Baadaye alipata kazi katika Hospitali ya Muhimbili, huku akiendelea kuchora na kuwafundisha jamaa zake. Mwaka 1972 polisi walilifyatulia risasi gari alimokuwa, wakidhani ni la wezi, akafa. Yote mnayoyaona vibandani yametokana na miaka minne ya mtu huyo.

Kibanda cha Pembeni
Ni kweli tupu. Nasi tuliokuja baadaye tulianza kwa kuosha brashi.

Msomaji Mkali
Samahani, tusiwapambe kupita kiasi. Ukipita vibandani utamkuta tembo yuleyule chini ya mlima uleule, mara kumi kwa safu moja. Ikiwa wote wanamwiga marehemu, nani kati yao ana haki ya kulia kwamba ameibiwa?

Kibanda cha Pembeni
Kuiga ndiyo shule yetu, bwana. Mwanafunzi hukaa ubavuni mwa fundi, hupaka mandhari, kisha hupewa madoa na manyoya, na mnyama mwenyewe huja mwisho kabisa. Shika ile brashi nyembamba ujaribu jicho moja, kisha urudi hapa. Na msanii George Lilanga, alipokatwa miguu kwa sababu ya kisukari, aliendelea kutoa kazi akisaidiwa na vijana hadi alipofariki mwaka 2005. Utasema picha zile hazikuwa zake?

Msomaji Mkali
Hilo ndilo swali langu, umelirudisha likiwa limevaa shati jipya.

Binti wa Fundi
Nilikusudia kusoma tu, lakini huyu aliyeuliza nani ana haki ya kulia amenitoa mafichoni. Baba yangu alikuwa mchoraji Msasani, na mimi nilifanyia hesabu za shule nyuma ya vipande vya hadibodi, kwa sababu nyumbani hadibodi ilikuwa nyingi kuliko madaftari. Macho yake yalipoanza kufifia alichora umbo la ndege kwa mkono wake, nami nikajaza manyoya jioni nikitoka shule, naye akikagua kwa kusogeza picha karibu na pua. Mwaka ambao mama alilazwa, alikuja dalali ambaye alizoea kununua kwetu, akaitaka picha kubwa ya korongo wawili ambayo baba alikuwa ameikatalia wateja wote, akatoa bei ambayo haikutosha hata dawa, na akaweka sharti kwamba pembe ya chini iachwe bila sahihi. Baba hakubishana. Alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa na kufuta jina lake ambalo lilikuwa bado bichi, kisha akapaka mahali pale majani, taratibu, kwa ustadi uleule, mpaka usingejua kwamba palikuwa na kitu. Kilichoniumiza zaidi si bei. Ni kwamba majani yale yalitoka mazuri kuliko yote, na dalali akamsifia.

Mama Wawili
Pole sana, dada. Sina la kuongeza.

Niko Muscat
Dada, korongo hao wanatazamana au wamepeana migongo? Nauliza kwa sababu nina picha ya korongo wawili niliyoinunua Dar es Salaam, na muuzaji aliandika jina lake mbele yangu, juu ya majani, nikidhani ndivyo ilivyo desturi.

Binti wa Fundi
Wanatazamana, kaka, na wa kushoto ameinua mguu.

Kibanda cha Pembeni
Geuza picha! Tazama kama kuna hesabu!

Niko Muscat
Mguu umeinuliwa. Lakini nyuma pamefunikwa kwa karatasi ya fremu, imegandishwa kwa gundi pande zote.

Msomaji Mkali
Korongo mwenye mguu juu wako mia. Msimpe dada wa watu matumaini ya bure.

Mama Wawili
Mia au elfu, chana karatasi tuone.

Sheria Nyepesi
Asichane chochote kabla ya kupiga picha pande zote mbili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mtindo haulindwi, hapo Msomaji Mkali yuko sawa, lakini picha yenyewe inalindwa, na aliyenunua ubao hakununua haki ya kuandika jina lake juu yake.

Kibanda cha Pembeni
Sheria nzuri, ila dalali hasomi. Mimi huficha herufi zangu ndani ya mkia wa mnyama. Vijana, fanyeni hivyo.

Jirani wa Morogoro Stores
Na mnyama asiye na mkia?

Kibanda cha Pembeni
Usimchore.

Binti wa Fundi
Kaka wa Muscat, sitaki kudai picha. Ukiipeleka kwa fundi wa fremu akaitoa karatasi bila kuumiza ubao, nitumie picha ya nyuma tu. Hesabu zangu zilikuwa za kugawanya, na nyingi nilizikosa.

Niko Muscat
Naipeleka Jumamosi. Nilitaka kutumia kisu cha jikoni usiku huu, mke wangu amekificha.