Mjadala: Karatasi fupi za muhula vyuoni zifutwe, au zifundishwe upya?

Mwanzisha mada, Nakuru

Wanajukwaa, hamjambo. Kuna hoja ambayo sasa inasemwa waziwazi, kuanzia Njoro hadi Maseno: kwamba karatasi ya muhula, zile kurasa tano au sita ambazo mwanafunzi huenda kuziandikia nyumbani, imekufa na tuizike. Wanaosema hivyo wana sababu. Tangu ChatGPT itolewe Novemba 2022, mwanafunzi anaweza kuzipata kurasa hizo akiwa ndani ya matatu kabla hajafika stendi. Kabla ya hapo walikuwepo waandishi wa kulipwa, na bado wapo. Kwa hiyo wanataka alama zote zitoke kwenye mtihani wa ukumbini, kalamu mkononi, msimamizi akipitapita.

Mimi napinga. Nimesoma na kusahihisha kazi za wanafunzi miaka mingi, na kinachoniuma kuliko udanganyifu ni kwamba hata karatasi zilizoandikwa kwa jasho la mwenyewe mara nyingi hazibishani na mtu yeyote. Zina utangulizi, zina vichwa vidogo, zina marejeleo yaliyopangwa kwa alfabeti. Swali ndilo halimo. Na karatasi isiyo na swali yeyote anaweza kuiandika, awe mtu au mashine, maana hakuna kitu ndani yake kinachomhitaji mwanafunzi mwenyewe.

Chukueni mada inayotolewa sana huku kwetu: "Jadili athari za gugu maji katika Ziwa Victoria." Mwanafunzi ataanza hivi: Ziwa Victoria ndilo kubwa kuliko yote Afrika, linapakana na Kenya, Uganda na Tanzania, gugu maji ni mmea unaoelea. Ukurasa umekwisha na msomaji hajapata jipya. Kisha zinakuja athari kwa uvuvi, kwa usafiri, kwa afya, kila moja na aya yake, halafu hitimisho linazirudia zote.

Sasa geuza swali: kwa nini gugu maji lilipungua kwa kishindo katika Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa ziwa hilo, mwishoni mwa miaka ya 1990? Hapo pana ubishi halisi wa wanasayansi. Wako wanaosema ni wadudu aina ya fukusi walioachiliwa humo kuanzia 1997 ili walile. Wako wanaosema fukusi peke yao wasingeweza, ila hali ya hewa ya El Niño ya 1997 na 1998 ililinyima gugu mwanga wa jua na mawimbi yakalivunjavunja. Mwanafunzi akishachagua upande, sentensi yake ya kwanza hubadilika yenyewe: "Fukusi walilidhoofisha gugu maji, lakini kasi ya kupungua kwake haielezeki bila El Niño." Sentensi hiyo mtu anaweza kuikataa, na ndiyo maana inafaa kuandikiwa kurasa tatu.

Pendekezo langu ni hili: karatasi ibaki, ifupishwe iwe kurasa tatu, na isipokelewe bila swali na dai lililo wazi katika aya ya kwanza. Karibuni.

Mhadhiri, Kakamega

Ndugu mwanzisha mada, umesema vizuri, lakini umesema kama mtu mwenye wanafunzi kumi na watano. Mimi darasa langu la mwaka wa kwanza linapita 200, na sina msaidizi. Nikipokea karatasi hizo wiki ya kumi, natakiwa niwe nimezirudisha kabla ya mitihani. Swali na dai nitavikagua saa ngapi?

La pili ni haki. Wengi wetu tunatoa alama 30 kwa kazi za muhula na 70 kwa mtihani. Katika zile 30, mwenye kompyuta yake na fedha za data anamshinda anayeandika kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na mwenye kumlipa mtu anawashinda wote wawili. Ukumbini wote wanapewa kijitabu kile kile na saa zile zile. Mtoto wa maskini hana mahali pengine ambapo yuko sawa na wenzake kiasi hicho.

Na tafadhali mtu asiniambie nitumie programu za kugundua maandishi ya akili mnemba. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitisha insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, kwenye programu saba za aina hiyo. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo ziliitwa kazi ya mashine, na ziliandikwa na binadamu. Wanafunzi wetu wako kwenye kundi hilo hilo. Sitamwita mtu mwizi kwa ushahidi wa namna hiyo.

Niliyewahi kuandika kwa malipo, Kisumu

Nimeifanya kazi hiyo na ninaijua kwa ndani, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Kazi nyingi zilitoka kwa wanafunzi wa Marekani na Uingereza, zikiingia usiku kwa sababu ya tofauti ya saa. Ukurasa mmoja ulihesabiwa maneno 275. Agizo lilikuja na idadi ya kurasa, idadi ya vyanzo, mtindo wa marejeleo na saa ya mwisho. Maagizo ya "jadili sababu na athari" nilikuwa nayamaliza huku nasikiliza mpira redioni, kwa sababu umbo lake halibadiliki hata mada ikibadilika.

Yaliyonishinda ni ya aina nyingine. Mhadhiri anasema: tumia vipimo mlivyochukua wenyewe maabara wiki ya tatu. Au: mjibu mwenzako aliyewasilisha Jumanne, useme alipokosea na kwa nini. Hapo ilibidi nimuulize mteja maswali mengi mpaka mwenyewe anachoka, na nyingine niliziacha. Kwa hiyo namuunga mkono mwanzisha mada, ila kwa sababu tofauti na yake. Swali zuri peke yake halitoshi, maana siku hizi mashine nayo itakuandikia hoja ya fukusi na El Niño bila kusita. Swali lifungwe kwenye kitu kilichotokea darasani au uwanjani, ambacho hakipo mtandaoni.

Kuhusu sheria: Australia ilipiga marufuku biashara hii mwaka 2020, na Uingereza ikaifanya kosa la jinai kuwauzia wanafunzi wa vyuo vya England insha kupitia sheria ya 2022. Vijana wa huku bado wanatafuta riziki kwa njia hiyo. Sheria ya mbali haijaondoa swali la nyumbani, kwamba mtu anaweza kuandika karatasi za shahada nzima ya mwenzake bila kujulikana.

Mwalimu wa Kiswahili, Bungoma

Shikamooni wakubwa. Naona mnazungumzia chuo kana kwamba wanafunzi hao walidondoka kutoka mbinguni. Wametoka kwetu. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili, mtahiniwa anaandika insha mbili, kila moja alama 20, na kila moja isipungue maneno 400. Ya kwanza ni ya lazima, barua au hotuba au ripoti au kitu cha aina hiyo, na sura yake ina alama. Nisipomfundisha mtoto sura, nimemnyima alama. Siwezi kuomba radhi kwa hilo.

Lakini kuna jambo ambalo sijaona mtu amelitaja. Katika insha ya mjadala tunawafundisha walete upande wa kuunga, walete upande wa kupinga, kisha mwishoni kabisa ndipo watoe msimamo wao. Akimwaga msimamo katika aya ya kwanza, wengi wetu tunamwambia amependelea. Mtoto anafanya hivyo miaka minne, anafaulu, anaingia chuo kikuu cha Maseno au Masinde Muliro, na muhula wa kwanza anaambiwa hana dai, amezungukazunguka. Hajazunguka. Amefanya alivyofundishwa kwa bidii. Kwa hiyo Mwalimu wa Nakuru, kabla ya kuwalaumu, kuna mtu chuoni anayemketisha chini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na kumwambia kwamba hapa mpangilio umegeuzwa, na sababu ya kuugeuza?

Mwanafunzi wa kilimo, Njoro

Naomba niongeze moja tu. Sisi wa sayansi hatuandiki hivyo mnavyosema. Karatasi yetu ni utangulizi, mbinu, matokeo, kisha mjadala wa matokeo. Nikiandika kuhusu ugonjwa wa kutu ya shina la ngano, ile Ug99 iliyopewa jina kwa kuwa ilitambuliwa Uganda mwaka 1999, siwezi kutangaza mwanzoni kwamba aina fulani ya ngano inaivumilia kabla sijaonyesha niliipimaje. Hapa Njoro kwenye mashamba ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, ngano kutoka nchi nyingi hupandwa ili ipimwe kama inaivumilia kutu hiyo. Msimamo unafuata vipimo. Tafadhali msitulazimishe wote kwenye umbo moja.

Mwanzisha mada, Nakuru

Nashukuru wote. Nianze na mwalimu wa Bungoma, kwa sababu amegusa kiini. Jibu ni hapana, mara nyingi hakuna anayemketisha chini. Anapewa karatasi ya maelekezo yenye mtindo wa marejeleo na ukubwa wa herufi, basi. Na sababu ya kugeuza mpangilio inaelezeka kwa dakika tano: msomaji wa karatasi ya utafiti anataka kujua mapema anapelekwa wapi ili apime kila ushahidi njiani. Pande mbili zinabaki. Upande wa kupinga hauondoki, ila kazi yake inabadilika, unakuja kulijaribu dai langu badala ya kukaa kando yake wakiwa wawili sawa.

Niwaonyeshe kwa mfano wa hapa mlangoni pangu. Maji ya Ziwa Nakuru yamepanda kwa zaidi ya miaka kumi sasa, hadi lango kuu la zamani la hifadhi likamezwa. Mwanafunzi anaandika: "Ziwa limepanda kwa sababu ya ukataji wa miti katika msitu wa Mau." Anaweka nukuu mbili kuhusu hekta zilizokatwa, anaenda aya nyingine. Ukimwuliza, anasema ushahidi ameutoa. Ametoa ushahidi kwamba miti ilikatwa. Hajatoa ushahidi kwamba miti ndiyo iliyopandisha maji. Kati ya hivyo viwili kuna sentensi tatu au nne zinazokosekana, za kueleza maji ya mvua yanafanya nini ardhi ikiwa wazi, na hizo ndizo alama.

Halafu linakuja pingamizi. Ziwa Naivasha nalo lilipanda kipindi hicho hicho, na maji yake mengi huletwa na mto Malewa kutoka safu ya Aberdare, siyo Mau. Ripoti ya serikali ya 2021 kuhusu maziwa ya Bonde la Ufa ilitaja kuongezeka kwa mvua kuwa sababu kubwa. Mwanafunzi akilipuuza pingamizi hilo, karatasi imeanguka. Akilikabili, atalazimika kulipunguza dai lake liwe kitu kama "ukataji wa miti uliongeza athari ya mvua nyingi." Dai limekuwa dogo na limekuwa la kweli zaidi. Mabadiliko hayo hayatokei katika mtihani wa saa mbili, kwa sababu yanahitaji mtu alale, aamke, asome tena na kufuta. Ndiyo maana siwezi kukubali karatasi ifutwe.

Wa Njoro, umenishinda. Kwenu dai la kwanza liwe swali na makisio, na msimamo ukae kwenye mjadala wa matokeo. Hata hivyo nitakukumbusha kwamba ikisiri yako, ule muhtasari wa mwanzoni, inasomwa kabla ya yote, na humo matokeo yanatajwa.

Mhadhiri wa Kakamega, kuhusu hao 200. Usisome rasimu. Pokea nusu ukurasa wiki ya nne, ulioandikwa kwa mkono darasani: swali langu ni hili, dai langu ni hili, vyanzo vyangu viwili, na mtu anayenipinga angesema hivi. Nusu ukurasa unasomeka kwa dakika moja, na mengi utaandika neno moja tu pembeni, "dogo" au "pana" au "liko wapi?" Wiki ya kumi unapokea kurasa tatu zikiwa zimebanwa pamoja na nusu ukurasa ule. Aliyenunua ataonekana, maana karatasi na mbegu yake hazitafanana.

Mhadhiri, Kakamega

Huo wa nusu ukurasa nitaujaribu, kwa kuwa unaandikwa darasani na hauhitaji kompyuta. Lakini bado hujanijibu kuhusu haki. Wiki ya nne wote watakuwa sawa. Wiki ya kumi yule mwenye fedha ataupeleka nusu ukurasa wake kwa huyo ndugu wa Kisumu, atatengenezewa kurasa tatu zinazofuata mbegu ile ile.

Niliyewahi kuandika kwa malipo, Kisumu

Kweli kabisa, hilo ningeliweza.

Mwanzisha mada, Nakuru

Basi tugawe hizo 30 hivi. Nusu ukurasa wa darasani upewe 12. Kurasa tatu zipewe 8 tu, ili kununua kusiwe na faida kubwa. Zilizobaki 10 mwanafunzi azipate darasani wiki ya kumi na moja: unamrudishia karatasi yake mwenyewe, isiyosahihishwa, pamoja na pingamizi jipya uliloliandika ubaoni kwa darasa zima, na anapewa nusu saa kulijibu kwa mkono akitumia ushahidi ulio kwenye karatasi yake. Aliyeiandika anajua kila kitu kilipo. Asiyeiandika atatumia hiyo nusu saa kuisoma. Mhadhiri, hapo alama 22 kati ya 30 zinatoka ndani ya chumba chako, na karatasi haijafutwa. Niambie panapovuja.