Tupeane uzoefu: ukiwa mgeni Kampala, ulipataje pa kula vizuri?

Mzigo Kikuubo
Wakuu, habari za jioni. Kijana wangu wa dukani yuko Kampala, safari yake ya kwanza. Amenipigia saa nane mchana hajatia kitu tumboni, kapita migahawa mitatu na kote hakuelewa bei. Nimekumbuka mwaka 2011, mara yangu ya kwanza kufuata mzigo Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala. Niliuliza wali shilingi ngapi, mama akaniuliza nataka enva gani. Nikarudia wali, naye akarudia enva. Nikatoka na njaa yangu, nikaishi kwa biskuti siku mbili.

Kumbe enva ni kitoweo, na kule bei ni ya kitoweo. Ukishataja nyama, kuku, samaki au binyebwa (mchuzi wa karanga), basi emmere, yaani chakula chenyewe, inakuja ya kila aina sahani moja: matooke (ndizi za kupondwa), wali, posho (ugali), viazi vitamu, muhogo, hata boga. Hutozwi kimoja kimoja. Nilipolijua hilo ndipo nilipoanza kula Kampala.

Nyie mlijifunzaje? Nitamtumia kijana majibu yenu.

Dereva wa Mutukula
Fuata bodaboda. Saa saba mchana tazama pikipiki zimeegeshwa wapi, ingia hapo hapo. Miaka yote nikiwa njiani hawajawahi kuniangusha.

Karani Nakasero
Hapana kaka. Boda wanafuata sahani iliyojaa na bei ya chini, usafi hawauangalii. Fuata wanaofanya kazi maofisini, wanaorudi mahali palepale kila siku. Mtu hawezi kuugua tumbo Jumatatu halafu Jumanne arudi kwa mama yule yule.

Dereva wa Mutukula
Boda naye kesho ana kazi, mkuu. Akiugua tumbo halipwi na mtu.

Binti Kashozi
Mimi ni Mhaya, ndizi nimekulia. Lakini siku ya kwanza kupewa matooke ya Kiganda nilidhani nimeletewa chakula cha mgonjwa: yamepondwa, hayana chumvi, ya njano tupu. Kwetu Bukoba ndizi inapikwa nzima na maharage au nyama, unakula ukijua unakula.

Mwana wa Masaka
Dada, matooke hayatiwi chumvi kwa sababu chumvi iko kwenye mchuzi. Umekula emmere ukaiacha enva, halafu unatulaumu. Siku ukija kwetu nitakuonyesha: ndizi zimefungwa kwenye majani ya mgomba, chini ya sufuria yamepangwa mabua ya majani ili maji yasizifikie, zinaiva kwa mvuke. Mama anaziminya humo humo ndani ya majani kwa viganja, anazirudisha motoni. Akifungua kwa chakula cha mchana, ile harufu ya jani inakufikia kabla ya sahani. Wewe ulikula yaliyopoa, ya jioni.

Binti Kashozi
Ilikuwa saa mbili usiku, kweli.

Mwana wa Masaka
Basi hujala matooke bado. Mgeni ale saa saba mchana, majani yakifunguliwa. Usiku aende kwenye rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) au muchomo (nyama choma), vinavyopikwa mbele ya macho yake.

Mama wa Wawili
Nimesita kuandika, ila hapo juu Mzigo ametaja binyebwa na moyo umenishtuka.

Mwanangu wa kwanza ana aleji ya karanga. Tulikwenda Kampala kumsalimia dada yangu, mtoto akiwa na miaka saba. Ule mchuzi wa karanga naujua, ule wa rangi ya waridi iliyofifia, kwa hiyo nilijiona makini sana. Tukaingia mahali pasafi, meza zimefutwa, maji ya kunawa yako mlangoni. Nikamwagizia samaki wa kukaanga na wali, nikamwambia dada wa kuhudumu asiweke binyebwa. Akaitikia vizuri tu. Sahani ikaja, pembeni kuna fungu la dodo, mchicha. Nani anaogopa mchicha?

Alikula vijiko viwili. Akaniambia, "Mama, ulimi unawasha." Nikadhani ni pilipili, nikampa maji. Nikamwona anajikuna shingoni, kisha midomo inajaa, inajaa huku namtazama. Nikauliza kwa sauti kuna nini kwenye mboga. Yule dada akasema, "Si mchuzi, ni karanga kidogo tu za kusaga." Walikuwa wamezitia kwenye mchicha.

Nilimbeba nikakimbilia barabarani. Boda wa kwanza aliyetuona hakuuliza bei. Mwanangu alikuwa katikati yetu, nasikia pumzi zake zinapiga mluzi, kandambili moja imeanguka nami sikugeuka. Hospitali walimchoma sindano ya adrenalini pajani kabla hawajaniuliza jina lake. Baada ya dakika chache akaanza kuvuta pumzi, na walikaa naye chini ya uangalizi mpaka usiku. Yule kijana wa boda alisubiri nje. Nilipotoka kumlipa, alichukua nauli ya kawaida.

Kwa hiyo mwenye aleji asiseme tu "sitaki binyebwa", atadhaniwa hapendi mchuzi. Aulize kila sahani: "Mulimu ebinyebwa?" Yaani, mna karanga humo?

Simba Mpole
Pole dada. Lakini mtoto mwenye hali hiyo unampelekaje mgahawani ugenini? Angekula kwa mama yake mdogo.

Karani Nakasero
Ndugu, mtu ametueleza siku mbaya kuliko zote maishani mwake. Aliuliza, akaitikiwa. Ulitaka afanye nini zaidi?

Simba Mpole
Sijamtukana. Nimesema tahadhari.

Mama wa Wawili
Kwa dada yangu tulikuwa tunakula kila siku. Siku ile tulikuwa mjini, mtoto ana njaa. Basi.

Nesi Gulu
Mama, ahsante kwa kuandika. Wanaokuja huku kaskazini wazidishe umakini. Tuna odii, karanga na ufuta vilivyosagwa pamoja, na inaingia kwenye malakwang na mboga nyingine nyingi. Ukiangalia kwa macho hutaiona. Mwenye aleji kali asafiri na sindano yake kama daktari amemwandikia, na anayefuatana naye ajue kuichoma.

Dereva wa Mutukula
Nimesoma nikaweka simu chini kwanza. Mungu amkuze, mama.

Abu Swaleh
Amina. Kwa Waislamu wenzangu: nyama ya nguruwe inapendwa sana Kampala na sehemu nyingine inachomwa jiko moja na mbuzi. Uliza kabla hujaketi. Mimi huenda Kisenyi kwa Wasomali, wali wao na mbuzi, au kuku wa kuchoma Wandegeya usiku.

Mvuvi wa Kirumba
Samaki nendeni Ggaba, ziwani kabisa. Ngege ndiye sato wetu, mputa ndiye sangara. Unamchagua mwenyewe, anakaangwa unamwona. Tazama macho yake, yawe maangavu yaliyojaa, yasiwe na ukungu, na ukimbonyeza nyama irudi.

Binti Kashozi
Na kuku wa dirishani pale Namawojjolo, njia ya Jinja, vipi? Basi likisimama wanakuja wengi na vijiti vya nyama na gonja (ndizi tamu za kuchoma), sijawahi kuthubutu.

Mwana wa Masaka
Gonja nunua umefunga macho. Kuku mshike kwanza kwa mkono: akiwa wa moto kula, akiwa vuguvugu rudisha. Na uwe na chenji, basi haliwasubiri.

Karani Nakasero
Mimi kuku wa dirishani simshauri mtu yeyote.

Mzigo Kikuubo
Wakuu, nimemsomea kijana yote kwa simu. Amekula: nyama, na emmere ya aina tano, kashindwa kumaliza. Anauliza kesho asubuhi ale nini, mzigo unapakiwa saa moja.

Mwana wa Masaka
Katogo. Ndizi na matumbo, sufuria moja, inakuwa tayari alfajiri kwa wapagazi. Na hiyo tunatia chumvi, mwambie dada wa Kashozi.