Naomba ushauri: Dar hadi Marangu kwa gari, tukifuata mbege (pombe ya Kichaga) na msosi mzuri

Habari zenu wakuu. Mwezi ujao tunatoka Dar watu wanne na gari moja, tunapitia Chalinze, Korogwe na Same hadi Moshi. Tuna siku nne. Shabaha ni mbege ya kweli ya ndizi, ulezi na msesewe (magome machungu ya mti). Mwaka jana niliuziwa kwenye kibuyu kizuri, kumbe imechacha hadi meno yakafa ganzi. Tunataka pia mtori (supu nzito ya ndizi na nyama) na kitimoto (nyama ya nguruwe). (Dereva hanywi kabisa, msiwe na shaka.)

Nimeuliza jamaa wawili Wachaga, kila mmoja anasifia kwao tu.

Je, tulale Marangu au Moshi mjini? Na njiani, kabla ya Same, tusimame wapi kula?