Mhudumu mpya zahanati: nianze na vipimo au vifupisho vya kwenye faili?

Binti_Kilosa

Wakubwa shikamooni, wengine habari za muda huu.

Nimeanza kazi ya uhudumu wa afya kwenye zahanati ya kijijini. Tuko wachache: mganga mfawidhi, muuguzi mmoja na mimi. Asubuhi nakaa kwenye meza ya mlangoni, napima presha, joto, uzito na mapigo ya moyo, naandika kwenye kadi, ndipo mgonjwa anaingia kwa mganga. Mchana nasaidia kusafisha vidonda na kuandaa chumba cha kliniki ya mama na mtoto.

Nina mambo mawili yananisumbua. Mashine ya presha inanipa namba tofauti kwa mtu yuleyule. Juzi mama mmoja alisoma 158/96, nikarudia baada ya muda mfupi ikaja 138/84. Hapo naandika ipi? La pili, faili zimejaa BD, TDS, PRN, stat, c/o, NAD. Mganga ni mtu mwema, ila siku ya kliniki hana hata nafasi ya kunywa chai, naona vibaya kumsumbua kila dakika. Naombeni ushauri nianzie wapi, nataka kuijua kazi hii vizuri.

Nesi_Mstaafu

Marahaba mwanangu, na hongera.

Anza na vipimo. Kifupisho usichokielewa utauliza, lakini namba mbovu ikishaandikwa kwenye kadi hakuna atakayejua kuwa ni mbovu. Mganga ataiamini na mtu ataanzishiwa dawa za presha za kumeza miaka yote.

Huyo mama namuona kama niko hapo. Katembea na mtoto mgongoni, jua kali, kafika kakaa, wewe ukamfunga mkanda hapohapo. Mpe dakika 5 atulie. Akae kwenye kiti chenye mgongo, aegemee, nyayo zote mbili chini, asikunje nne. Mkono uulaze mezani usawa wa moyo wake, usiuache unaning'inia. Mkanda ukae juu ya ngozi, usifunge juu ya sweta wala kitenge, na kama mkono ni mnene tafuta mkanda mkubwa, maana mdogo unapandisha namba. Muulize kama amebanwa na haja ndogo, kama ndiyo aende kwanza. Mashine ikianza kujaa upepo, kimya. Wahudumu wengi wanapima huku wanamuuliza mgonjwa anakaa kitongoji gani, naye anajibu, na namba inapanda.

Ikisoma juu, subiri dakika moja au mbili urudie. Halafu andika zote mbili pamoja na muda, mganga ataamua. Usichague ile inayopendeza.

Mjamzito ana sheria yake. Akifika 140/90 au zaidi, usimrudishe kwenye foleni hata kama anacheka. Muulize kama kichwa kinamuuma, kama anaona maluweluwe, kama ana maumivu kwenye chembe ya moyo, kisha mwite muuguzi wakati huohuo. Kifafa cha mimba kinaua, na wewe wa mlangoni ndiye wa kwanza kukiona kinakuja.

Bandeji

Bibi amemaliza upande wa presha, mimi niguse vifupisho. Dada, usiogope, vingi ni Kilatini na vinavyotumika kila siku ni vichache. OD mara moja kwa siku, BD mara mbili, TDS mara tatu, QID mara nne. PRN ni pale inapohitajika tu, kwa mfano dawa ya maumivu. Stat ni sasa hivi, acha unachofanya. NBM mgonjwa asile wala asinywe kitu. c/o ni kile mgonjwa anacholalamikia, NAD ni kwamba mganga amekagua na hajaona kasoro.

Kwa majina marefu ya magonjwa jifunze vipande. Ukiona neno linaishia na -itis ujue kuna uvimbe au mwasho wa kiungo fulani: gastritis ni tumbo, hepatitis ni ini. Likiishia na -ectomy kuna kitu kimekatwa kikatolewa. Tachy- ni kasi, brady- ni polepole. Nunua kadaftari kadogo kanakoingia mfukoni, kila siku andika maneno mawili matatu uliyokutana nayo kazini. Orodha ndefu za mtandaoni utazisahau.

Mfamasia_wa_Zamu

Mkuu Bandeji umeeleza vizuri, ila naongeza tahadhari. OD hiyohiyo kwenye karatasi ya mtu wa macho ni jicho la kulia. Hypo ni chini na hyper ni juu, lakini kwenye mwandiko wa haraka zinafanana kabisa, na mgonjwa wa sukari iliyoshuka anahitaji kinyume cha yule iliyopanda. Kwa hiyo ukiwa na shaka usibahatishe hata mara moja. Nenda na kadi mkononi, onyesha kwa kidole, uliza "hapa umeandika nini?" Hakuna mganga mwenye akili timamu atakayekasirika.

Na wewe unapoandika, usiandike 5.0, andika 5, kwa sababu nukta ikififia inasomeka 50. Nusu iandike 0.5, usianze na nukta tupu. "Uniti" za insulini ziandike kwa neno zima. Herufi U peke yake inafanana na sifuri, na 4 inageuka 40.

Jambo lingine linaloniuma: tunamwambia mgonjwa "kutwa mara tatu" halafu basi. Yeye anameza asubuhi, mchana na jioni, kisha usiku mzima hana dawa mwilini. Kama dawa ni ya kila saa 8, mtajie saa zenyewe. Dawa mseto ya malaria ndiyo inayochanganya zaidi: dozi ya kwanza sasa, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, na ameze akiwa amekula.

Wa_Kisauni

Hamjambo wenzangu, mie niko Mombasa, kazi ni hiyohiyo. Naona watu wamesahau pumzi. Mtoto mwenye kikohozi mhesabie pumzi dakika nzima, saa mkononi, akiwa ametulia kifuani kwa mamake. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha. Mhesabie kabla hujamchoma kidole cha malaria, maana akishalia hesabu haifai tena. Mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi. Wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka, 50. Wa mwaka hadi miaka 5, 40. Ukimwona kifua chabonyea chini ya mbavu kila akivuta pumzi, huyo mpeleke ndani mara moja, usingoje zamu yake.

Na kile kidude cha kupima oksijeni kidoleni, kama mama ana piko au rangi ya kucha, chaweza kukudanganya. Tafuta kidole kisicho na rangi, na mikono iwe na joto.

Binti_Kilosa

Asanteni sana, leo nimempa kila mtu dakika zake 5 na foleni haikuharibika kama nilivyodhani, kwa sababu waliofuata walikuwa wanapumzika kwenye benchi huku nampima wa mbele.

Swali moja zaidi. Muuguzi anakwenda likizo na nimeambiwa nitakuwa nachoma sindano. Sijafundishwa. Nifanyeje?

Nesi_Mstaafu

Usichome, mwanangu. Mwambie mfawidhi kwa heshima, uso kwa uso: "Hili sijafundishwa, naomba nielekezwe na nisimamiwe, au aletwe muuguzi wa kushikiza." Sindano ya takoni ikikosewa mahali inagusa mshipa mkubwa wa fahamu na mtu anabaki anachechemea. Kama ni lazima usaidie, andaa vifaa, nawa mikono, shika mtoto, basi.

Lakini hata asiyechoma anaweza kuchomwa anaposafisha. Sindano iliyotumika usiirudishie kifuniko, itupwe yenyewe kwenye kisanduku cha usalama, na kisanduku kikifika robo tatu kifungwe. Ikitokea umejichoma, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usiminye kidonda, na utoe taarifa papo hapo. Dawa za kinga ya VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, na saa 72 zikipita hazianzishwi tena. Kabla muuguzi hajaondoka muulize dawa hizo mnazipata wapi, kama ni pale pale au mpaka kituo cha afya, na namba ya kupiga usiku ni ipi.